Mwanangu, Simu ni Yako, Daftari Si Lako

Mwanangu, nimesikia malalamiko yako, na ya wenzako pia. Siku hizi kila kijana anayepita hapa Butiama kunisalimia akitokea kazini ananiletea neno lile lile. Ofisi imempa kishikwambi kisichokaa na chaji. Mfumo unagoma saa nne asubuhi, watu wamejipanga foleni. Na yeye mfukoni ana simujanja yake nzuri, anaijua ndani na nje, angeimaliza kazi ile kabla ya chai. Kwa nini asitumie yake? Kwa nini mfanyakazi asichague mwenyewe chombo cha kufanyia kazi?

Swali lako ni zuri. Mtu asikuambie kwamba ni kiburi cha ujana. Mimi nilikuwa karani wa pamba sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali hilo nimeishi nalo tangu enzi za karatasi za kaboni na mizani ya rula. Nitakujibu polepole. Najua una haraka, lakini nivumilie.

Nianze kwa kukupa haki yako. Anayeshika chombo kila siku ndiye anayekijua. Shuka Musoma usiku usio na mbalamwezi, uangalie ziwani. Utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa hadi macho yanapokomea. Nilipokuwa kijana taa zile zilikuwa karabai. Zilikunywa mafuta ya taa usiku kucha, na tone la maji baridi likigusa kioo kilichopata moto, kioo kinapasuka. Mvuvi alirudi pwani asubuhi mafuta yameshakula faida yake kabla hajauza hata debe moja. Leo wengi wanatumia taa za betri, nyingine zinachajiwa kwa jua. Wafanyabiashara walizileta, lakini aliyeamua ni mvuvi. Mmoja alijaribu. Jirani yake akaangalia dagaa wanavyoufuata mwanga ule, akapiga hesabu ya mafuta, naye akanunua. Wapo waliouziwa taa dhaifu wakaziacha, wakatafuta nyingine. Mtu anayelipa hasara kwa mfuko wake mwenyewe hujifunza upesi.

Sasa angalia mambo yanavyokuwa pale anayechagua chombo si yeye atakayekishika. Shuleni walikufundisha habari za karanga za Kongwa, lakini nadhani walipita haraka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 wakaanza kufyeka mapori ya Kongwa ili walime karanga, baadaye wakaenda Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta. Walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Hesabu zote zilipigwa London. Udongo wa Kongwa kiangazi ulikauka ukawa mgumu, ukavunja vyuma vya mashine. Mvua ya Ugogo haina ahadi, na Wagogo walilijua hilo tangu kwa babu zao, ila mpango haukujengwa juu ya ujuzi wao. Kufika 1951 mradi umekufa, na pauni zaidi ya milioni 30 zimepotea.

Usidhani ni wakoloni peke yao. Tulipopata uhuru tuliyapenda matrekta nasi. Tulianzisha makazi mapya ya wakulima yenye mashine na gharama kubwa, na kufika 1966 serikali yenyewe ikaona njia ile haifai, ikaacha kuanzisha mengine. Mwalimu Nyerere, mtoto wa kijiji hiki chetu, alilisema jambo hilo wazi kabisa: mkulima aliyezoea jembe la mkono hatua yake inayofuata ni plau ya ng'ombe, trekta lina wakati wake. Wengine walimwona anaturudisha nyuma. Sisi wa Mara tulimwelewa. Ng'ombe tulikuwa nao, wazee wengi walishashika plau tangu enzi za mkoloni, na ikivunjika fundi wa kijijini aliitengeneza. Chombo kizuri ni kile ambacho kikiharibika alfajiri, mchana kazi inaendelea.

Na kuna hili ambalo vijana wengi hawalijui. Hazina yetu ilikuwa na kompyuta tangu 1965. Mahesabu ya serikali yakahamishiwa humo. Wataalamu wetu wenyewe walikuwa wachache mno, tukawategemea wageni, na mahesabu yakavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Mimi nilikuwa karani kijana wakati huo na kompyuta sikuwahi kuiona kwa macho, kwa hiyo marufuku ile haikunigusa. Leo nikiifikiria naona makosa mawili yaliyofuatana. Kwanza chombo kililetwa kabla ya kuandaa watu wa kukitumia. Halafu, kilipoharibu kazi, kikafungiwa mlango kabisa, hata kwa wale ambao kingewafaa. Mara zote mbili uamuzi ulitoka juu. Karani aliyekaa mbele ya zile karatasi sijui kama alipewa nafasi ya kusema anahitaji nini.

Niliwahi kulipata jambo hilo kwa kiasi changu kidogo. Msimu mmoja tuliletewa fomu mpya za kununulia pamba. Nzuri, zimechapwa vizuri, karatasi nzito. Tukafungua gulio, wakulima wamefika na magunia, punda wamefungwa kivulini, wengine wamelala hapo hapo tangu usiku. Naandika jina, kijiji, uzito, daraja, safi au fifi, bei, jumla. Nikafika kwenye makato ya pembejeo. Nafasi hakuna. Mkulima alikuwa amekopeshwa dawa na mbegu, deni lake lazima likatwe kabla ya malipo, na aliyeichora fomu ile hakulikumbuka. Tukachora mstari kwa rula, fomu moja moja, nakala zote, jua linawaka. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini karatasi ya serikali naichorachora. Nilikosa la kumjibu.

Nilikasirika. Nilisema maneno makali ofisini, mbele ya watu, na sikuambulia kitu. Mkubwa ukimwaibisha hadharani, hata ukiwa na haki, anailinda fomu yake. Baadaye mwenzangu, mtu mpole kuliko mimi, alimwomba mkaguzi aje akae nasi gulioni siku nzima. Asije kutukagua, aje tu akae. Akaja. Aliketi kwenye gunia, akaandika fomu mwenyewe kwa mkono wake, na kufika adhuhuri hakuhitaji kuelezwa. Msimu uliofuata fomu zilikuja na nafasi ya makato. Ilituchukua msimu mzima kupata mstari mmoja. Najua wewe ungetaka upatikane jioni ile ile. Mimi pia nilitaka hivyo.

Kwa hiyo naungana nawe. Aulizwe anayeshika. Aulizwe kabla ya kununua, si baada. Umeona vile vishikwambi vya sensa ya 2022. Baada ya kuhesabu watu viligawiwa walimu. Sikatai, ilikuwa zawadi nzuri, na wapo walimu wanaoandalia masomo humo na kupata vitabu ambavyo shule zao hazina. Lakini kile ni chombo kilichochaguliwa kwa kazi ya kuhesabu kaya, kikakabidhiwa mtu wa ubao na chaki. Mwalimu ndiye aliyekitafutia matumizi. Angeulizwa mapema angesema anataka nini, na pengine cha kwanza angetaja umeme darasani.

Hapo nimemaliza upande wako, mwanangu. Sasa sikiliza upande wa pili. Huu ndio ulionikalisha kukuandikia.

Nilipokuwa kijana nilikuwa na kasi. Fomu za chama cha ushirika zilinichelewesha. Nikanunua daftari langu la kurasa nyingi na kutunga alama zangu. Nyota ilikuwa pamba fifi. Duara, mkulima ana deni la dawa. Mstari chini ya jina, anataka alipwe kupitia mtu mwingine. Majina niliyafupisha, na wengine niliwaandika kwa lakabu, maana nilikulia nao. Mchana napima na kuandika humo, usiku nahamishia kwenye rejista ya chama kwa mwanga wa taa. Foleni kwangu ilikuwa fupi kuliko gulio lolote la jirani. Wakulima walinisifu. Meneja alinisifu. Hakuna aliyeniuliza kilichomo ndani ya lile daftari, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda.

Kisha malaria ikaniangusha katikati ya msimu. Nikapelekwa hospitali Musoma, sijitambui. Fedha za malipo zikafika. Rejista ya chama ilikuwa nyuma, uzito wa siku kadhaa ulikuwa bado kwenye daftari langu. Mwenzangu akalifungua. Akaona nyota na duara, na lakabu za watu asiowajua, kwa sababu yeye hakuwa mzaliwa wa hapa. Hakuthubutu kulipa. Wakulima wakarudi nyumbani mikono mitupu, wakarudi tena kesho yake, na kesho kutwa.

Nilipopata nafuu nikaketi na daftari lile, nikakuta alama moja ambayo hata mimi sikuikumbuka. Kulikuwa na mama mjane, alikuwa akingoja fedha ile alipie ada ya mtoto. Uzito wake tulibishana nao. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Kwa hiyo pamba yangu ilikuwa kichwani mwako?"

Nililipa tofauti kutoka kwenye mshahara wangu. Fedha ililipika. Swali lake sijalilipa hadi leo.

Ili uelewe kwa nini liliniuma, lazima ujue gulio lile lilitoka wapi. Zamani, miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na kilio kimoja kikubwa: mizani. Mkulima analeta pamba kwa mnunuzi, mnunuzi anapima kwa mizani yake, anasoma mwenyewe, anaandika mwenyewe. Mkulima hajui kusoma namba, na hata anayejua anasimama mbali. Wakulima wakadai mtu wao wenyewe asimame kando ya mizani. Kutoka kwenye dai lile vikachipua vyama vya msingi kijiji kwa kijiji, Paul Bomani akiwa mmoja wa waliovijenga, na 1955 vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria Federation, makao yake Mwanza. Ulikuwa ushirika ambao Afrika nzima iliusikia. Mwanzo wake ni mkulima kutaka kuona namba inayoandikwa juu ya jasho lake.

Baadaye yalitokea mengi. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976, Mamlaka ya Pamba ikachukua kazi, na kijiji kikawa ndicho kinachonunua kwa niaba yake. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Miaka ya tisini biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakajaa. Tangu 2018 pamba inapitia tena kwenye vyama vya msingi, yaani AMCOS. Waajiri wangu walibadilika majina, mizani ikabaki pale pale na mkulima akabaki pale pale. Na mimi, mtoto wa watu waliopigania waone namba zao, nilizificha tena ndani ya nyota na duara. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kazi iende haraka.

Ndiyo maana nakuambia utenganishe vitu viwili ambavyo nyinyi vijana mnavichanganya. Kuna chombo, na kuna kumbukumbu inayoingia kwa chombo hicho. Kijiji kina kisima kimoja. Kila mtu huja na ndoo yake, ya bati, ya plastiki, kubwa, ndogo, hakuna anayemuuliza. Lakini hakuna anayeruhusiwa kukihamishia kisima uani kwake kwa sababu ana ndoo nzuri kuliko wenzake.

Sasa tazama unachofanya leo. Una Excel yako kwenye kompyuta mpakato yako, imepangwa vizuri kuliko mfumo wa ofisi. Majina ya wanachama wa AMCOS yenu, namba zao za simu, madeni yao, yote humo. Una kundi la WhatsApp ambako unatumiana na wenzako picha za stakabadhi. Muuguzi kwenye zahanati anapiga picha kadi ya mgonjwa amtumie daktari wa wilayani, anataka kuokoa maisha, Mungu ambariki. Lakini simu ile usiku anachezea mtoto. Kesho kutwa inachomolewa mfukoni stendi ya Bunda. Mwaka kesho muuguzi anahamishwa Kigoma, na kadi zote za wagonjwa wa Butiama zinahama naye bila mtu kujua. Na wewe ukipata kazi nzuri Mwanza, ambayo nakuombea, atakayeketi kwenye kiti chako atafungua nini?

Siku hizi hata sheria inalitambua hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake. Jina la mkulima na deni lake si mali ya karani. Si mali ya meneja pia. Ofisi imepewa ili izitunze. Sikutajii sheria ili uogope. Nakutajia kwa sababu yule mama mjane hakuwa na sheria ya kushika mkononi, na angekuwa nayo angekuwa na haki.

Kuna watakaokuambia kwamba chombo anachochagua mtu kinamhusu yeye tu. Wapeleke Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu, ni hapa hapa wilayani kwetu. Mchimbaji mdogo anachagua zebaki. Namwelewa kabisa. Ni rahisi, inapatikana, baba yake alimfundisha, na dhahabu inashikana mbele ya macho yake siku hiyo hiyo. Lakini anapoichoma moshi hauendi kwake peke yake, na maji ya kuoshea yanashuka mtoni ambako hakuna aliyeulizwa. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata 2020 ili kuipunguza. Nami nasema pia, ukimkataza bila kukaa naye kando ya karasha lake la kusagia mawe uone anahitaji nini badala yake, ataificha tu, ataendelea kuichoma ndani ya nyumba anamolala na watoto. Aulizwe. Lakini na mwenye kuchota maji mtoni aulizwe.

Kuna jambo jingine la uhuru huu wa kujichagulia ambalo halisemwi. Nani analipa? Ukisema kila mtu aje na simu yake, mwajiri atafurahi kuliko wewe. Ameokoa fedha. Bando ni lako, kioo kikipasuka ni chako, na saa tatu usiku ukiwa mezani na familia ujumbe wa bosi unaingia kwenye simu ile ile ambayo mama yako anakupigia. Nimewaona vijana wakinunua bando kwa mshahara wao ili kazi ya ofisi isilale, mwezi baada ya mwezi, na hakuna hata anayewashukuru, kwa sababu haionekani. Halafu kuna mwenzako mwenye kitochi. Si mvivu, ana wadogo zake anaowasomesha. Kazi ikihamia kwenye simujanja za watu, yeye ataonekana hajui kazi. Mwanangu, unapodai haki ya kuchagua, dai na fedha ya kuchagulia. La sivyo umejitwisha gharama ya ofisi kwa furaha yako mwenyewe.

Basi ufanye nini? Najua unataka jibu la leo.

Yanayoishia mkononi mwako, jichagulie na usiombe radhi. Kalamu, kikokotoo, kiti, namna ya kupanga siku yako, simu ya kujikumbushia, hata programu ya kuandikia rasimu. Mwenye mkono wa kushoto asilazimishwe kuandika kwa wa kulia. Mkubwa anayebana hata hapo anaonyesha hofu yake tu.

Yanayobeba jina la mtu mwingine au fedha yake, yaingie kwenye daftari la wote, hata likiwa zito. Vyama vya ushirika sasa vina mfumo wao wa kompyuta, MUVU. Kama unakuchelewesha, andika unakuchelewesha wapi. Usiandike kwamba mfumo ni mbovu, hilo halimsaidii mtu. Andika: saa fulani, hatua fulani, unangoja kiasi gani, na mkulima aliyekuwa mbele yako alifanya nini. Mfumo ukigoma, tumia karatasi ya ofisi yenye namba, na uingize siku hiyo hiyo mwenzako akiona. Usifungue daftari la pembeni. Nakuomba sana hilo. Lile daftari la pembeni huanza kwa nia njema kila mara, na siku linapoanza hakuna anayejua kwamba limeanza.

Na kuuliza kwenyewe kuna mahali pake. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi kuwadharau na kuwaonea watu, na mwaka mmoja kabla yake Rais alishaelekeza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe kwenye mashirika ya umma. Tulisherehekea. Kisha 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakauchukulia Mwongozo kwa uzito wake wote, wakashika kiwanda wenyewe, na dola ikawaondoa. Wazee wa rika langu tuliondoka na funzo baya pale: kwamba baraza ni mahali pa kupiga makofi. Tukakaa kimya kwenye mabaraza miaka mingi. Zikaletwa mashine, zikaletwa fomu, tukasaini posho ya kikao tukaenda zetu. Hasara ya kimya kile ninyi mnairithi, na mimi nilikuwa nimeketi humo.

Mabaraza bado yapo katika utumishi wa umma, yamo ndani ya sheria. AMCOS nayo ina mkutano mkuu wa wanachama, na pale mkulima ana sauti kubwa kuliko meneja. Kabla ofisi haijanunua kitu kwa ajili ya mikono yenu, ombeni kijaribiwe kwanza gulio moja, au zahanati moja, au darasa moja, msimu mmoja. Aliyekileta akae hapo siku nzima, kama mkaguzi wetu alivyokaa kwenye gunia. Mkulima naye aonyeshwe pale namba yake inapotokea, na aulizwe kama anaiona. Mizani mipya ya kidijitali naipenda kwa sababu hiyo: namba inawaka, mama anaisoma mwenyewe. Lakini nimeona mahali kioo kimegeuzwa upande wa karani. Kitu cha kugeuza kwa mkono mmoja, na msimu mzima hakuna aliyekigeuza.

Utachoka. Utaandika barua, haitajibiwa. Utasema kikaoni, watasema tumelipokea. Kijana mwingine atafungua Excel yake kimya kimya, kazi yake itakwenda mbio, atasifiwa, na wewe utaonekana unapenda vikao. Nilisifiwa hivyo mimi. Uliza waliorudi nyumbani mikono mitupu.

Msimu wa pamba u karibu kufunguliwa. Kabla haujafunguliwa, kaa na mwenzako mmoja unayemwamini, mfungulie kila ulichohifadhi kwenye simu yako na kompyuta yako kinachohusu wanachama. Kihamishieni kwenye mfumo, kinachokosa nafasi humo kiandikeni orodha, na orodha hiyo ipelekeni kwa meneja kwa barua yenye tarehe, nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Kisha kifute kwako, mwenzako akiona. Halafu siku ya kwanza ya gulio, fika mapema, utazame kioo cha mizani kimeelekea wapi.